Zizini siku 90 au malishoni masika yote? Kunenepesha madume Nyanda za Juu Kusini

Mwenye madume kumi wa kuuza Mbeya au Iringa ana njia mbili. Anaweza kuwafungia zizini miezi mitatu na kuwalisha horini, au kuwaachia malishoni tangu mvua za Desemba mpaka Mei, kisha kuwapeleka mnadani nyasi zinapoanza kukauka. Ubishi juu ya njia yenye faida hauishi, kwa sababu kila upande una jirani wa kuonyesha aliyefanikiwa. Kabla ya kumsikiliza jirani yeyote, jibu swali moja: mwezi wa Septemba, hapo ulipo, ng'ombe atakula nini na atakunywa wapi?

Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja. Nyasi huchipua Desemba, huwa bora Januari hadi Machi, hukomaa Aprili, na kuanzia Juni ni mabua yenye nyuzi nyingi na protini kidogo. Dume aliyeongezeka kilo 60 masika anaweza kupoteza theluthi ya kilo hizo kabla mvua hazijarudi. Kwa upande mwingine, Juni hadi Agosti ndipo mavuno yanapoacha mabua ya mpunga na mahindi, maganda ya maharage, na pumba zinapokuwa nafuu mashineni. Kwa hiyo kila njia ina msimu wake, na anayepata hasara mara nyingi ni yule anayetumia njia nzuri kwa mwezi usio wake.

| | Zizini | Malishoni |
|---|---|---|
| Muda | siku 90 hadi 100 | miezi 5 hadi 6 |
| Ongezeko kwa siku | gramu 600 hadi 900 | gramu 300 hadi 500 |
| Nafasi kwa dume mmoja | mita za mraba 9 | hekta 1 hadi 2 kwa masika pekee |
| Kununua | Agosti hadi Septemba | Novemba hadi Desemba |
| Kuuza | Desemba | Mei hadi Juni |
| Fedha | nyingi, mwanzoni kabisa | kidogo kidogo, kila mwezi |

Takwimu hizo ni za zebu (ng'ombe wenye nundu) wa kienyeji wenye afya. Nyasi mbaya au ulishaji wa kubahatisha hushusha ongezeko mpaka karibu na sifuri.

Mahali kwanza

Usangu ni mahali pa zizi. Bonde la Mbarali lina joto, mashine za kukoboa mpunga zimejaa Igurusi, Chimala, Ubaruku na Rujewa, na baada ya mavuno mabua hulala kwenye majaruba mpaka mwenyewe anayachoma. Malisho ya wazi yamepungua sana. Wafugaji waliondolewa Ihefu, ardhi oevu ya Usangu, kuanzia 2006, na mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Anayefikiria kulisha Usangu bila eneo lililotengwa rasmi anajitafutia faini, au kesi na mkulima ambaye mpunga wake umekanyagwa wiki mbili kabla ya kuvunwa.

Isimani ni pakavu. Ni pazuri kununua ng'ombe waliokonda kuliko kuwanenepesha kwa nyasi, lakini Pawaga iko jirani na ina mpunga wa umwagiliaji, kwa hiyo mabua si ya kusafirisha mbali. Chunya ardhi ni kubwa na nyasi zipo, ila misitu ya miombo ina ndorobo (mbung'o), na dume mwenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, hula siku nzima bila kunenepa.

Mufindi, Njombe na Makete ni habari nyingine. Nyasi hurefuka haraka na kuwa ngumu mapema, Juni na Julai kuna baridi ya kuua na sehemu nyingine jalidi kabisa, na ng'ombe wa nyama anayelala nje kwenye tope anatumia chakula chake kujipasha joto. Huko ng'ombe wa maziwa analipa zaidi. Ukitaka nyama lazima ujenge banda lenye paa na ukuta upande wa upepo, na uhesabu nauli ya mashudu (makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta) na pumba kutoka chini.

Dume wa kununua

Kwa njia zote mbili, tafuta dume mwenye meno mawili hadi manne ya kudumu, yaani wa miaka miwili hadi mitatu hivi. Mdogo zaidi bado anajenga mifupa. Mwenye meno manane anaongeza mafuta tu, na mafuta ni ghali kuyatengeneza. Awe amekonda kwa njaa na si kwa ugonjwa. Aliyekonda kwa njaa ana macho maangavu, pua yenye unyevunyevu, ngozi inayorudi upesi ukiivuta, na mgongo mrefu. Mwenye kikohozi muache hata akiwa wa bei ya chini, maana homa ya mapafu ikiingia kwenye kundi hutoki salama. Papasa tezi zilizo chini ya sikio na mbele ya bega: zikiwa zimevimba, huenda ana ndigana kali, homa inayoletwa na kupe.

Zebu mwekundu wa Iringa ni mdogo lakini mgumu, anastahimili kupe na njaa, na malishoni ndiye anayeweza kujitafutia. Zizini hujaa nyama haraka, ila baada ya siku mia moja hivi ongezeko lake hushuka. Chotara wa Boran, aina ya ng'ombe wa nyama, ana umbo la kulipa gharama ya chakula kingi, na kama utanunua mashudu kwa fedha taslimu yeye ndiye wa kumtafuta. Malishoni bila josho (mahali pa kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe) la uhakika anachoka mapema.

Usinunue kwa macho. Kwa futi kamba ya fundi cherehani, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka kwenye ncha ya bega hadi mfupa wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Dume mwenye mzunguko wa sentimita 135 na urefu wa 115 ana kilo 193 hivi. Dalali atakuambia ana 250.

Zizini: yanayotakiwa na yanayoharibika

Hesabu ya chakula ifanyike kabla ya kununua hata dume mmoja. Dume wa kilo 200 hula chakula kikavu kiasi cha asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wake, yaani kilo 5 hadi 6 kwa siku. Kwa wastani wa siku 90 weka kilo 4 za mchanganyiko na kilo 2.5 za mabua au hei (nyasi zilizokatwa na kukaushwa). Madume kumi watahitaji kilo 3,600 za mchanganyiko, na pamoja na kinachomwagika, tani 2.5 za mabua. Kwa marobota ya kilo 15 hayo ni kama 170, na yanahitaji paa.

Mchanganyiko unaofanya kazi vizuri kwa malighafi za huku, kwa kila kilo 100, ni huu: pumba za mahindi 55, mashudu ya alizeti 25, pumba laini za mpunga 10, molasi 7, chokaa ya mifugo 2 na chumvi 1. Watu wengi huacha chokaa kwa kuona ni kitu kidogo. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, na madume wanaokula pumba miezi mitatu bila chokaa, chumvi na maji ya kutosha hupata mawe kwenye njia ya mkojo. Utamwona anajikamua, anapiga mateke tumbo lake, mkojo unatoka matone au hautoki kabisa. Maksai wanaumia zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni nyembamba.

Pumba laini ziwe za kweli. Maganda ya mpunga yaliyosagwa na kuchanganywa ndani yake hayana lishe. Shika kiganjani na ubonyeze: pumba laini zenye mafuta hushikamana, maganda humwagika na kuchoma ngozi. Pumba za mahindi zenye ukungu au harufu ya uvundo zirudishwe, kwani sumukuvu inakula ini na hamu ya chakula hupotea wiki nzima bila wewe kujua sababu.

Hatari kubwa kuliko zote ni haraka. Dume aliyetoka kula nyasi kavu ana vijidudu vya tumboni vilivyozoea nyuzi. Ukimpa kilo 4 za mchanganyiko siku ya kwanza, tumbo hujaa asidi: anaacha kucheua, anaharisha kinyesi cha maji chenye harufu kali, anasimama kwa shida kwa sababu kwato zinauma, na anaweza kufa ndani ya siku mbili. Siku tatu za kwanza mpe mabua na maji tu, pamoja na dawa ya minyoo. Kisha anza na kilo moja, nusu asubuhi na nusu jioni, ukiongeza nusu kilo kila baada ya siku mbili. Mwanzoni mwa wiki ya tatu atakuwa amefika kilo 4. Mabua yatangulie horini kila asubuhi, mchanganyiko ufuate. Ukiona kinyesi kinalegea, rudi nyuma kiwango kimoja na usubiri.

Mabua ya mpunga yanaweza kuboreshwa kwa urea. Yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 60 za maji, nyunyizia kilo 100 za mabua tabaka kwa tabaka, kanyaga, funika kwa turubai lisilopitisha hewa siku 21. Sehemu za baridi ongeza wiki moja au mbili. Kabla ya kulisha, acha yapigwe na hewa usiku kucha mpaka harufu kali ipungue. Urea yenyewe ifungiwe mbali kabisa na ng'ombe, na ndoo iliyoyeyushia isiachwe na maji. Ng'ombe akilamba urea hutetemeka, tumbo huvimba, hutoa povu, na hufa kwa muda mfupi. Siki lita kadhaa pamoja na maji baridi mengi humsaidia akiwahiwa, lakini mara nyingi mtu hufika amechelewa.

Hori liwe na sentimita 60 kwa kila dume, wanyonge wapate nafasi. Maji ni lita 40 kwa dume kwa siku, yaani mapipa mawili ya lita 200 kwa kumi, na katika joto la Usangu yatazidi hapo. Sakafu iwe na mteremko. Zizi likigeuka tope kwato zinaoza, na dume anayechechemea haendi horini.

Dume asiyehasiwa hukua haraka zaidi zizini, basi kwa siku 90 usimhasi. Weka wenye pembe kali peke yao na usiingize dume mgeni katikati ya mzunguko.

Malishoni: gharama isiyoonekana

Nyasi zinaonekana ni bure na ndiyo maana hesabu yake haiandikwi. Andika. Mchungaji analipwa kila mwezi na anakula kila siku. Uzio wa seng'enge nyaya nne na nguzo zake ni mtaji wa miaka kadhaa. Mkanda wa kuzuia moto wenye upana wa mita 5 hadi 10 lazima ulimwe Mei au Juni kama unataka nyasi za akiba. Asiyelima atakuta Agosti shamba ni majivu, kwa moto ulioanzishwa na mwinda panya au mrina asali aliye mbali naye.

Gawa eneo walau mara nne. Waingie nyasi zikifika gotini, watoke zikibaki urefu wa kiganja. Kuwaacha eneo moja masika yote kunamaliza nyasi tamu, na mwaka wa tatu unabaki na vichaka na nyasi ambazo ng'ombe anazipita bila kuzionja. Ukitaka kupanda, nyasi aina ya Rhodes inakubali sehemu nyingi za Iringa na Mbeya: kilo 4 hadi 5 za mbegu kwa ekari, udongo mlaini, mbegu zisifukiwe zaidi ya sentimita moja. Ng'ombe wasiingie mpaka zishike mizizi.

Hei ndipo wengi wanaposhindwa. Nyasi hufaa kukatwa zinapoanza kutoa maua, lakini huku wakati huo mvua bado inanyesha, na hei iliyonyeshewa inaota ukungu. Kata eneo moja mapema Machi liliwe bichi, lichipue tena, kisha machipukizi hayo uyakate mwishoni mwa Aprili au Mei jua likitulia.

Kupe ndiye mwizi mkubwa wa malishoni. Kuanzia Desemba hadi Mei ng'ombe waogeshwe kila siku saba. Josho ni bora kuliko pampu, kwa sababu dawa inafika ndani ya masikio, kwapani na chini ya mkia. Kwa pampu, dume mkubwa anahitaji lita 5 au zaidi; kumnyunyizia lita moja mgongoni kunafundisha kupe kuvumilia dawa. Chanjo ya ndigana kali inastahili gharama yake kwa ng'ombe atakayekaa malishoni mwaka au zaidi. Kwa dume wa siku 90 zizini, kuogesha siku ya kuingia na kurudia kila wiki au mbili kunatosha, mradi nyasi mbichi za kukata zisitoke kwenye njia ya mifugo. Dume aliyetoka sehemu isiyo na kupe achunguzwe wiki ya pili na ya tatu, maana homa ya ndigana huja wakati huo. Joto likipita nyuzi 40 na tezi zimevimba, mwite afisa mifugo siku hiyohiyo; dawa ya buparvakuoni inafanya kazi mapema, mapafu yakishajaa maji haisaidii.

Wanaolisha kwenye mabua ya majaruba wana adui wa ziada, minyoo bapa wa ini anayetokana na konokono wa majini. Dawa ya kawaida ya albendazo huua waliokomaa tu. Pale tatizo lilipozoeleka, omba triklabendazo. Na makubaliano na mwenye jaruba yaandikwe mbele ya serikali ya kijiji, yakitaja tarehe ya kuingia na ya kutoka.

Hesabu ya fedha

Bei zifuatazo ni za mfano. Weka za kwenu. Chukua dume wa kilo 200 aliyenunuliwa kwa shilingi 4,500 kwa kilo: 900,000. Kwa siku 90 ameongeza gramu 700 kila siku, sasa ana kilo 263. Chakula cha shilingi 3,000 kwa siku ni 270,000, dawa na kibarua 60,000. Ukimuuza kwa 5,200 kwa kilo kwa sababu amenona, unapata 1,367,600 na kinachobaki ni 137,600. Ukimuuza kwa bei ileile ya 4,500, unapata 1,183,500 na umepoteza 46,500, ingawa dume amenenepa vizuri.

Gawanya chakula kwa uzito: 270,000 kwa kilo 63 ni karibu 4,300 kwa kila kilo iliyoongezeka. Uzito peke yake haulipi. Kinacholipa ni kununua aliyekonda msimu wa kiangazi, wakati mfugaji anahitaji fedha na malisho yameisha, na kumuuza kwa daraja la juu Desemba. Mwenye zizi, kwa hiyo, ni mfanyabiashara wa bei kabla hajawa mlishaji, na asiyekuwa na mnunuzi anayelipia ubora asiingize ng'ombe zizini.

Malishoni gharama kwa kilo iko chini sana, labda nusu au theluthi ya ile ya zizini, lakini Mei kila mtu ana ng'ombe mnene na bei inalala. Aliye na hei anaweza kusubiri. Asiye nayo anauza siku moja na wenzake wote.

Kwa aliye katikati

Mtu mwenye ekari kadhaa za nyasi na mashine ya kukoboa jirani asilazimike kuchagua upande mmoja. Anunue Desemba, alishe malishoni mpaka Mei akimpa kila dume jiwe la chumvi na jioni kilo moja ya mchanganyiko kuanzia Machi, kisha wale wenye umbo kubwa awaingize zizini Juni kwa siku 60 tu, pumba zikiwa nafuu. Tumbo limeshazoea mchanganyiko, hatari ya asidi inapungua. Wadogo na wanaochelewa kukua awauze moja kwa moja kutoka malishoni. Njia hii inataka kujua kila dume kwa namba na uzito wake kila mwezi, basi pima mwezi kwa mwezi. Dume asiyeongeza kilo 12 kwa mwezi zizini anakula chakula cha mwenzake, auzwe.

Siku ya kuuza

Dawa yoyote ya sindano ina muda wa kusubiri kabla ya kuchinja, umeandikwa kwenye chupa. Kwa oksitetrasaiklini (dawa ya kuua bakteria) ya muda mrefu ni kama wiki nne. Panga matibabu ukihesabu kurudi nyuma kutoka tarehe ya mnada. Kibali cha kusafirisha mifugo kiombwe kabla ya kukodi gari, na hereni za utambulisho zihakikiwe masikioni zikiwa bado zinasomeka.

Kutoka Mbeya hadi mnada wa Pugu, Dar es Salaam, ni zaidi ya kilomita 800. Ng'ombe hupoteza sehemu ya kumi ya uzito au karibu yake kwenye safari kama hiyo, na dume wa zizini, mzito na asiyezoea kutembea, hulala ndani ya gari na kukanyagwa kuliko yule wa malishoni. Pakia jioni, usijaze wala usiache nafasi kubwa ya kuyumba, tandaza mchanga au mabua sakafuni, na siku ya mwisho punguza mchanganyiko, uongeze mabua. Mchinjaji wa Mbeya mjini au Iringa anayelipa shilingi mia tatu pungufu kwa kilo, akipima mlangoni kwako, mara nyingi anakuachia fedha nyingi kuliko Pugu.